Kodi itozwe wapi ili tupate barabara, maji na usalama ziwani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kwenye vijiwe vya kahawa vya Kirumba, kwenye mikutano ya mitaa ya Ilemela na Nyamagana, na kwenye foleni ya kupakia dagaa mwaloni, pale samaki wa Ziwa Victoria wanaposhushwa. Majibu yana msimamo, na ni vizuri usemwe mapema: serikali zetu zimezoea kutoza pale pesa inapopita ikionekana, wakati zingepaswa kutoza pale thamani inapokaa. Viwango vilivyotajwa humu hubadilika Bunge la bajeti linapokaa, kwa hiyo kabla hujalipa uliza Mamlaka ya Mapato (TRA) au halmashauri yako.

Kwa nini kila mtu asilipie anachotumia tu, tukamalizana?

Pale inapowezekana, ifanyike hivyo. Maji ya bomba yana mita, umeme una LUKU ya kulipia kabla, feri ina tiketi. Mwenye kutumia nyingi alipe nyingi, hakuna ugomvi.

Sasa chukua utabiri wa hali ya hewa. Mamlaka ikitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, mvuvi wa Ukerewe aliyechangia na asiyechangia wanasikia redio ileile. Huwezi kumziba masikio mmoja, na kusikia kwake hakumpunguzii mwenzake chochote. Huduma ya namna hiyo ukiiacha ijilipie sokoni, kila mtu atasubiri jirani yake alipe, na mwisho redio itakaa kimya. Ukaguzi wa vyombo vya majini nao uko hivyohivyo. MV Bukoba ilizama Mei 1996 ikija Mwanza, mamia wakafa. Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na gati la Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimezidisha abiria. Hakuna abiria anayeweza kununua ukaguzi pale dirishani pamoja na tiketi yake. Anahitaji mkaguzi anayelipwa mshahara na watu wote, ambaye anaweza kumwambia nahodha "leo huondoki" bila kuogopa kupoteza mteja.

Wakati mwingine hupatikana njia ya katikati. Uingereza taa za kuongozea meli hulipiwa kwa ada ambayo meli hutozwa bandarini, kwa sababu meli lazima itie nanga mahali fulani. Kwetu hilo linafaa kwa meli za mizigo na abiria. Kwa mitumbwi inayotoka kwenye mamia ya mialo, utatumia kumkimbiza mwenye mtumbwi fedha nyingi kuliko utakayopata kwake.

Mbona sungusungu walilinda bila kodi?

Walitoza kodi, ila ililipwa kwa usingizi. Sungusungu ilianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walipokuwa wakiibwa kila usiku. Kila kaya ilitoa mtu. Aliyekwepa zamu alipigwa faini, na aliyekaidi alitengwa: hasalimiwi, haazimwi jembe, msiba wake hauna watu. Ukitaka kujua kama mchango ni wa hiari, angalia kinachompata asiyechanga.

Utaratibu ule ulifanya kazi kwa sababu kijiji kilikuwa kidogo na kila mtu alijua nani hakutoka jana. Buhongwa ya leo, ambako mpangaji wa chumba cha tatu hamjui wa chumba cha tano, huwezi kuuendesha hivyo. Tena mzigo haukuwa sawa. Mwenye ng'ombe wawili alikesha sawasawa na mwenye mia mbili. Na wale waliowahi kunyooshewa kidole cha uchawi wanajua ulinzi usio na sheria juu yake unavyokuwa.

Basi irudishwe kodi ya kichwa, kila mtu alipe sawa.

Hapana. Wajerumani walianza kutoza rupia 3 kwa kila nyumba mwaka 1898, na kila kodi ya namna hiyo ilipotozwa, hadi kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, hadithi ilikuwa ileile: mgambo alfajiri, wanaume vichakani. Mwenye mtaji na mwenye jembe walidaiwa kiasi kimoja, na sehemu kubwa ya makusanyo iliishia kwa wakusanyaji wenyewe. Ni kodi nyepesi kuitangaza tu.

Mimi ni mvuvi, injini yangu haijawahi kukanyaga lami. Kwa nini nalipia barabara kwenye petroli?

Swali hili lina haki yake, na jibu lake ni refu.

Zamani mwenye gari alilipa ada ya leseni ya gari kila mwaka. Wengi hawakulipa, madeni yakalimbikizana hadi kwenye magari mabovu yaliyootewa na nyasi nyuma ya nyumba. Mwaka 2017 ada hiyo ikafutwa, na ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Mwaka 2021 ikaja nyongeza nyingine ya shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Serikali inapenda njia hii kwa sababu moja kubwa: mafuta huingia nchini kupitia waagizaji wachache na matangi yanayojulikana. Kukwepa ni kazi, na kukusanya hakuhitaji mgambo.

Ila tangi halijui lita ipi inakwenda kwenye basi la Musoma na ipi inakwenda kwenye injini ya mtumbwi, mashine ya kusaga au jenereta. Wote wanalipa. Mwaka 2011 jambo hili lilionekana wazi zaidi kwa mafuta ya taa. Wachakachuaji walikuwa wanayachanganya na dizeli kwa sababu ushuru wake ulikuwa mdogo sana, serikali ikaupandisha ili bei zikaribiane. Kwa upande wa malori nia ilikuwa sahihi kabisa. Lakini wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na enzi hizo walitoka na karabai zinazokunywa mafuta ya taa hadi alfajiri. Wakalipia dhambi ya matangi yasiyowahusu. Leo wengi wamehamia kwenye taa za betri na sola, na bei ile ni moja ya sababu.

Je, mvuvi arudishiwe ushuru wake? Kwa karatasi inapendeza. Ukianza kuuza "mafuta ya uvuvi" kwa bei nafuu, baada ya mwezi mmoja malori yote ya Kanda ya Ziwa yatakuwa yanavua. Kilicho bora ni fedha kurudi mwaloni kwa kitu kinachoonekana: vichanja vya kuanikia, vyoo, taa, na kipande cha barabara toka mwaloni hadi lami. Na tukubaliane pia kwamba dagaa wako hawaendi Kongo kwa kuogelea.

Tozo za miamala ya simu zilikosea wapi?

Zilianza Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala. Kufika Septemba zilikuwa zimepunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 zikashushwa tena. Fedha zilijenga madarasa na vituo vya afya, hilo lisifichwe. Kosa lilikuwa ni kutoza mwendo wa pesa badala ya kipato.

Fuata shilingi 50,000 moja ya siku zile. Kijana anayebeba mizigo Igoma anamtumia mama yake Magu, inakatwa. Mama anatoa 20,000 kati yake amtumie binti aliye shule Sengerema, inakatwa tena. Binti anaitoa kwa wakala, inakatwa. Hakuna aliyepata kipato kipya katika safari yote hiyo. Mwenye milioni zake benki, zimetulia tu, hajaguswa. Watu wakafanya kilichotarajiwa: wakarudi kutuma bahasha kwa makondakta, na serikali ikajikuta inatoza miamala michache.

Majirani zetu wa ziwa walipita njia hiyohiyo. Uganda ilianza na asilimia 1 kwa pesa za simu mwaka 2018, ikalazimika kushuka hadi asilimia 0.5 kwenye kutoa tu. Ile kodi yao ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii ilikufa mwaka 2021, mahali pake ikaja asilimia 12 kwenye data. Kenya mwaka 2024 muswada mzima wa fedha uliondolewa baada ya vijana kujaa barabarani.

VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, inamuumiza maskini?

Kwa kiasi, ndiyo. Kwetu bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, na mtu anayetumia kipato chake chote kula na kufua analipa sehemu kubwa ya kipato chake kuliko anayeweka akiba. Ahueni ni kwamba mahindi, samaki na mazao mengine yasiyosindikwa hayana VAT. Watu husema tuongeze misamaha. Mimi sipendi. Ukisamehe saruji kwa ajili ya anayejenga vyumba viwili, anayejenga ghorofa tano amefaidi mara nyingi zaidi. Afadhali kodi ikae pana, kisha fedha zirudi kwa maskini kupitia vitu kama elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016.

Mimi ni mpangaji. Kwa nini kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme wangu?

Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU: ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, mwaka 2023 ikawa 1,500 na 7,500. Kisheria mdaiwa ni mwenye nyumba, nawe unaweza kukubaliana naye kiasi hicho kikatwe kwenye kodi ya pango. Kwa hali halisi, kwenye nyumba ya vyumba sita pale Mabatini yenye mita moja, nani atamfuata baba mwenye nyumba kudai 1,500? Ataambiwa nyumba ziko nyingi mjini, hamia huko.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba nyumba zote za kawaida zina kiwango kimoja. Nyumba iliyobanwa kati ya mawe juu ya mlima Igogo, ambako maji hupandishwa kwa ndoo na jeneza hushushwa kwa mabega, inalipa sawa na nyumba isiyo ya ghorofa kule Capri Point inayotazama ziwa. Capri Point si ghali kwa sababu ya matofali. Ni ghali kwa sababu ya barabara, taa, bomba, ulinzi na ziwa lenyewe, vitu ambavyo mwenye kiwanja hakuvilipia peke yake. Hapo ndipo thamani inapokaa. Kiwanja hakifichwi chini ya godoro na hakivuki mpaka usiku. Ukikitoza, hakipungui.

Ningefanya hivi: kila halmashauri igawe mji katika kanda nne au tano kwa bei za viwanja zinazojulikana na madalali wote, kila kanda iwe na kiwango chake. Hakuna haja ya mthamini kuingia kila chumba. Kanda za milimani zisizofikika kwa gari zilipe kidogo sana. Pingamizi la kawaida ni la bibi mstaafu aliyeachiwa nyumba nzuri na marehemu mume wake na hana kipato. Ni pingamizi la kweli, na dawa yake ipo: deni liandikwe, lisubiri hadi nyumba itakapouzwa au kurithiwa.

Daraja la Kigongo–Busisi limegharimu zaidi ya bilioni 700. Wanaovuka watozwe?

Daraja hili la kwenda Sengerema lina urefu wa kama kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na lilijengwa kwa fedha za serikali. Mhandisi Mfaransa Jules Dupuit alilichambua swali hili mwaka 1844, na hoja yake bado inasimama: daraja likishajengwa na halina msongamano, anayevuka hamgharimu mtu karibu kitu. Ukiweka geti, utawarudisha baadhi ya watu waliokuwa na sababu nzuri ya kuvuka, na hasara yao haitakuwa faida ya yeyote. Mgonjwa wa Sengerema anayekimbizwa hospitali ya Bugando ndiye wa kwanza kunijia akilini, halafu mama mwenye matenga ya nyanya ambaye faida yake ya siku inalingana na nauli.

Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 liliwekewa malipo, lakini pale zilikuwemo fedha za NSSF, akiba za wafanyakazi, ambazo lazima zirudi. Ni deni la namna nyingine.

Hata hivyo, "bure" isiwe bure kwa wote. Malori mazito hula barabara, hayo yana mizani. Na wapo waliofaidi daraja bila kuvuka hata mara moja: walionunua viwanja Busisi mapema, mradi ulipotangazwa. Bei ya ardhi kando ya daraja hupanda kwa kazi ya umma. Sehemu ya hiyo nyongeza ikirudi serikalini siku kiwanja kinapouzwa, daraja linalofuata lina pa kuanzia.

Na samaki je? Ziwa ni letu sote, kodi ya nini?

Kwa sababu sangara nikimtoa mimi, wewe humpati. Hapa ziwa linaachana na utabiri wa redio: mlango uko wazi kwa wote, lakini kilichomo kinaisha. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watu wanaotumia rasilimali pamoja wanaweza kujisimamia wakiwa na mipaka inayojulikana, sheria walizojiwekea na adhabu zinazopanda taratibu. Kwetu chombo cha karibu na hilo ni BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo. Kwa hiyo sehemu ya leseni na ushuru wa mwaloni ingebaki BMU, wanunue mafuta ya doria wenyewe. Leo wengi husubiri boti ya mbali ije kukamata makokoro.

Mzigo mkubwa uwe kwenye mlango mwembamba: minofu na mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) yanayouzwa nje. Pale wanapita wafanyabiashara wachache wenye vitabu vya hesabu, na kilo zinapimwa. Mama aliyeinama mchangani Ukerewe anageuza dagaa kwa mikono, akitazama mawingu, si mahali pa kuanzia.

Ziwa pia lina nchi tatu. Tanzania ina karibu nusu, Uganda inafuata, Kenya ina kama asilimia 6. Tukipandisha peke yetu, samaki watashukia upande mwingine. Ndiyo maana mrabaha wa samaki ni bora uzungumzwe pamoja na wenzetu kwenye shirika la uvuvi la ziwa lenye makao Jinja, lililoundwa mwaka 1994.

Anayechafua ziwa alipe zaidi?

Alipe. Simama juu ya Mto Mirongo baada ya mvua utaona chupa, viatu na mafuta ya gari vikienda ziwani, maji ambayo kesho tunayasafisha kwa gharama ili tuyanywe. Viwanda na sehemu za kuoshea magari vinahesabika, vitozwe kwa uchafu vinavyotoa. Vingine havihesabiki, na hapo kupiga marufuku ni rahisi kuliko kodi: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa sababu hakuna mkusanyaji ambaye angeweza kutoza rambo moja moja sokoni.

Nina kibanda cha chakula. Kuandika daftari kuna faida gani?

Ya pesa taslimu. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5 ukiwa na daftari unalipa 30,000. Daftari limekuokolea 70,000.

Vile vitambulisho vya 20,000 vya Desemba 2018 vilikuwa rahisi, na vilimpa machinga amani ya kutofukuzwa, ila muuza karanga na muuza viatu wa Makoroboi walilipa sawa.

Wenye mishahara na migodi wanalipa?

Mwenye mshahara hana pa kujificha: hadi 270,000 kwa mwezi hakatwi, kinachozidi milioni 1 kinakatwa asilimia 30, mwajiri akikata kabla hajaiona. Dhahabu ya Geita tangu 2017 inatozwa mrabaha wa asilimia 6, awali ilikuwa 4. Dhahabu ikishatoka haioti tena, hivyo kiwango hicho sioni ni kikubwa. Tundu lililobaki ni wapangishaji wa vyumba na majengo ya biashara, ambao wengi mapato yao hayajawahi kuandikwa popote.

Fedha ziende Dodoma au zibaki hapa?

Inategemea faida inafika wapi. Mtaro wa Mkuyuni unamfaa wa Mkuyuni. Ukaguzi wa meli unamfaa hata abiria wa Bukoba. La kwanza lilipiwe na jiji, la pili na taifa. Ndiyo maana naona kuhamishia kodi ya majengo TRA mwaka 2016 kulikuwa kurudi nyuma, maana ni kodi ya mtaa kuliko zote. Lakini ukiacha kila halmashauri ile ilichovuna, Nyamagana itapendeza na Ukerewe itabaki na visiwa visivyo na zahanati, hivyo fungu la kusawazisha toka hazina ni lazima libaki.

Nikiona fedha zinaliwa, nigome kulipa?

Ukigoma, aliyekula hataumia. Ataumia anayesubiri dawa. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hutua bungeni kila Aprili, inagusa pia halmashauri, na mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Nenda. Uliza fungu moja tu, lenye jina la mradi na kiasi, kisha kaa chini.

Nilishalipa ushuru kisiwani, nikashuka mjini nikadaiwa tena kwa sababu risiti imefutika. Nifanyeje?

Karatasi ya POS, mashine ya kukusanyia ushuru, ikikaa juani au ikiguswa na mafuta ya dagaa hubaki nyeupe kabisa. Ipige picha palepale unapolipia, na namba yake iandike kwa kalamu nyuma ya kibali au kwenye daftari. Namba hiyo inaweza kutafutwa kwenye mfumo. Akikataa kuitafuta, omba jina lake na namba ya mashine, upeleke kwa mtendaji wa kata siku hiyohiyo, kabla mzigo haujauzwa.